Nani Yumo Ndani? Sinema za Nafsi Mbili Zikitazamwa kutoka Shinyanga na Geita

Mwenye fedha kidogo akitaka kuwatisha watu kwa sinema, hana njia rahisi kuliko kumpa mwigizaji mmoja watu wawili wa kuigiza. Hahitaji joka la mpira wala magari ya kulipua. Nyumba moja, kioo, taa, na mwigizaji anayejua kubadili sauti na mwendo, basi. Kazi iliyobaki ataifanya mtazamaji, kwa kuwa hofu kwamba huyu ninayekula naye sahani moja huenda siye, kila mtu huingia nayo ukumbini kutoka kwao.

Hofu hiyo ina historia yake katika sinema za bei nafuu za Marekani, na ina historia nyingine, ya zamani zaidi, katika vijiji vya Shinyanga na katika rashi, yaani machimbo ya wachimbaji wadogo, za dhahabu za Geita na Kahama. Tumezoea kuziweka mbalimbali: ya kwanza tunaiita saikolojia, ya pili tunaiita ushirikina. Mimi naona mgawanyo huo unatuficha jambo kubwa. Kinachozitofautisha kweli hadithi za nafsi mbili ni hatua inayofuata baada ya kugundulika kwamba ndani ya mtu yumo mwingine. Je, huyo mwingine anaulizwa anataka nini, au anawindwa? Katika ukanda wa dhahabu swali hilo limeshakuwa la kufa na kupona.

Umbo la sinema hizi liliwekwa Marekani katika miaka michache tu. Riwaya fupi ya Robert Louis Stevenson ya mwaka 1886 kuhusu Dakta Jekyll na Bwana Hyde ilikuwa imepigwa filamu tangu enzi za sinema bubu, lakini humo daktari anakunywa dawa na uso unageuka, na kazi kubwa ni ya mpaka vipodozi. Mwaka 1957 mambo yalibadilika. Zilitoka filamu mbili za mwanamke mwenye nafsi tatu: Lizzie, aliyoiongoza Hugo Haas kwa bajeti ndogo kutokana na riwaya ya Shirley Jackson, na The Three Faces of Eve ya Nunnally Johnson, iliyompatia Joanne Woodward tuzo ya Oscar. Hapo hakuna dawa wala nywele za kuota usoni. Mwanamke anainamisha kichwa, anakiinua, na aliyekiinua ni mwingine. Kuanzia siku hiyo watengenezaji wa filamu walijua kwamba badiliko la namna hiyo halihitaji hata senti moja.

Kisha ikaja Psycho mwaka 1960. Alfred Hitchcock alikuwa na jina na fedha, ila studio yake haikuitaka hadithi ile, naye akaitengeneza kwa dola zipatazo 800,000, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe, akitumia mafundi wa kipindi chake cha televisheni. Kijana mmoja, Norman Bates, anaendesha nyumba ya wageni kando ya barabara iliyosahauliwa, na katika nyumba kubwa iliyo mlimani anaishi mama yake mzee, mkali, mwenye wivu. Wageni wanauawa. Dirishani tunaona kivuli cha bibi kizee. Mwishoni tunajua kwamba bibi alikufa miaka mingi iliyopita, na kwamba anayevaa gauni lake na kushika kisu ni mwanawe. Mwaka mmoja baadaye William Castle alitoa Homicidal, filamu nafuu zaidi, ambamo mwigizaji mmoja, Joan Marshall, anaigiza mwanamke na mwanamume bila watazamaji kutambua mpaka dakika za mwisho. Castle alisimamisha filamu kwa sekunde 45 karibu na kilele ili waoga watoke ukumbini. Alikuwa mfanyabiashara hodari, na hesabu yake ilikuwa sahihi: mtu halipi tena ili kuona damu, analipa ili kujua ni nani.

Karibu filamu zote za jamii hii zina kilema kimoja. Mwishoni anakuja daktari. Anasimama mbele ya polisi, mikono ikizunguka hewani, na anaeleza kila kitu. Katika Psycho maelezo hayo ni marefu kuliko inavyohitajika, na wahakiki wengi wameyalaumu kwa kuipoza filamu. Lawama yangu ni nyingine. Daktari anaongea juu ya mgonjwa, na mgonjwa yuko chumba kingine. Yule wa pili aliye ndani, Mama, haulizwi jambo lolote. Hana ndugu wa kumwombea, hana dai la kusikilizwa, hana hata mtu wa kumkasirikia uso kwa uso. Amefungiwa ndani ya fuvu, na fuvu limefungiwa kituo cha polisi. Filamu nyingi zilizofuata, mpaka Split ya M. Night Shyamalan mwaka 2016, iliyogharimu dola milioni 9 na kuvuna zaidi ya milioni 270, zilichukua umbo hilohilo: mwenye nafsi nyingi ni muuaji, na nafsi ya mwisho kujitokeza ndiyo mnyama. Madaktari wa akili wanasema kinyume chake mwaka baada ya mwaka. Mgonjwa wa akili yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa na kudhulumiwa kuliko ya kumdhuru mwingine.

Tena filamu hizi haziishii ukumbini. Chris Costner Sizemore, mwanamke ambaye maisha yake ndiyo yaliyozaa The Three Faces of Eve, alijitokeza hadharani miaka ya 1970 na kueleza kwamba ule uponyaji wa mwisho wa filamu haukuwapo, kwamba nafsi nyingine ziliendelea kuja na zilipita ishirini. Mwaka 1976 televisheni ya Marekani ilionyesha Sybil, Sally Field akiigiza mwanamke mwenye nafsi kumi na sita. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wameandika kesi chache sana za ugonjwa huo duniani kote. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, Marekani peke yake ilikuwa nazo kwa maelfu. Watu walikuwa wameumia kweli, maumivu hayakubuniwa, lakini namna ya kuumia walikuwa wamefundishwa na hadithi. Mganga yeyote wa Kisukuma angeambiwa jambo hili asingeshangaa, kwa kuwa anajua kwamba pepo huja na adabu za mahali alipo: huongea lugha inayotarajiwa, huomba nguo inayojulikana, hupanda kwa ngoma iliyo yake.

Na sinema ilifikaje huku? Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Kabla ya hapo, na kwa miaka mingi baadaye, sinema iliwafikia watu wa machimboni na vijijini kwa mikanda ya video na jenereta, ndani ya mabanda ambayo siku hizi tunayaita vibanda umiza. Filamu ilikuwa ya Kimarekani, ya Kihindi, ya Hong Kong au ya Kinijeria, na kando ya runinga alikaa mtu mwenye kipaza sauti akiitafsiri. Aliyevuma kuliko wote kwa kanda zake ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, Lufufu kwa jina la kazi. Kenya wakampata DJ Afro. Mtafsiri hatafsiri tu. Anawapa wahusika majina ya mitaani, anawakaripia, anawacheka, anaeleza yaliyo moyoni mwao.

Fikiria basi nini huipata sinema ya nafsi mbili ikiingia mikononi mwa mtu huyu. Kule Hollywood sauti ya Mama katika Psycho ilitengenezwa kwa kuchanganya watu watatu, wanawake wawili, Virginia Gregg na Jeanette Nolan, na mwanamume mmoja, Paul Jasmin, ili sikio lisijue limshike nani. Koo tatu zilitumika kwa mtu mmoja asiyekuwapo. Katika kibanda umiza hesabu inageuka: koo moja kwa watu wote. Muuaji, polisi, bibi na mrembo wote wanasema kwa kinywa cha mtu mmoja aliyeketi pale, na hakuna anayeona ajabu. Na kwa kuwa mtafsiri ameshaiona filamu hadi mwisho, hana subira ya kuificha siri. Mapema kabisa atakuambia, huyu usimwone hivi, huyu siye. Fumbo alilolijenga mwongozaji linavunjika, na mahali pake panakuja wasiwasi wa namna nyingine: sisi tunajua, wao hawajui, watajua lini? Ni wasiwasi wa mtaa mzima unaoamini kwamba unaijua siri ya jirani. Nitaurudia, kwa sababu una upande wake wa kutisha.

Hadithi yenyewe ya mwili mmoja wenye watu wawili iliingia kwa mlango wa India zaidi kuliko wa Hitchcock. Wapenzi wa sinema za Kihindi wanaikumbuka Nagina ya mwaka 1986, Sridevi akiwa mke na nyoka kwa pamoja. Lakini iliyo muhimu zaidi kwa mada hii ni Manichitrathazhu, filamu ya Kimalayalam ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Fazil, ambayo ilirudiwa kwa Kihindi mwaka 2007 kwa jina la Bhool Bhulaiyaa. Mke kijana anahamia jumba la ukoo wa mumewe. Juu kuna chumba kilichofungwa, na ndani ya chumba, wanasema, imo roho ya mcheza ngoma aliyedhulumiwa na bwana mkubwa wa zamani. Mambo yanaharibika usiku. Anakuja daktari wa akili aliyesomea Marekani, anagundua kwamba mke ndiye anayegeuka kuwa yule mcheza ngoma, akiongea lugha yake na kutaka kisasi chake.

Daktari huyu hasimami mbele ya polisi kutoa hotuba. Anakwenda kwa mtaalamu wa dini wa kutoa roho, wanakubaliana, na wanaandaa tambiko. Mcheza ngoma anapewa alichokuja kukidai: sanamu ya bwana wake wa zamani, aikate kwa upanga. Anaikata, anaridhika, anaondoka, na mke anazinduka. Nafsi ya pili imeulizwa inataka nini, imepewa, imekwenda. Hakuna aliyekufa. Mtu aliyekulia Usukuma akiitazama filamu hii, kitakachokuwa kigeni kwake ni mavazi na lugha tu.

Kwa maana uganga wa kwetu hufanya kazi hivyohivyo. Pwani, pepo akipanda, mganga humhoji: wewe nani, umetoka wapi, kwa nini umemkalia huyu, unataka nini? Kunafuata mazungumzo, wakati mwingine ya usiku kucha, na mwisho makubaliano. Usukuma na Uzinza, na upande wote wa Geita hadi Kahama, kuna masamva, yaani wahenga wa ukoo, na kuna uchwezi, chama cha wanaopandwa na roho ziitwazo wachwezi. Mgonjwa ambaye hospitali imemshindwa huambiwa kwamba babu fulani au mchwezi fulani amemchagua. Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni, aliandika kuhusu chama hicho cha wachwezi mwaka 1955, na Mbelgiji Koen Stroeken, aliyeishi na kujifunza kwa waganga wa Kisukuma, akatoa kitabu mwaka 2010. Kinachojitokeza kwa wote wawili ni kwamba aliyepandwa hatengwi. Anaingizwa katika kundi, anafundishwa, anapewa shanga na nyimbo, na baada ya miaka anaweza kuwa yeye mwenyewe nfumu wa kuwatibu wengine. Yule wa pili aliye ndani yake amegeuka kuwa kazi na heshima.

Sisemi kila mganga ni tabibu wa roho. Wapo matapeli, na wapo wabaya kuliko matapeli, nitawafikia. Nasema tu kwamba mbinu ya kumhoji aliye ndani badala ya kumfungia ni mbinu yenye akili, na sayansi imechelewa kuitambua. Mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliutambua rasmi ugonjwa wa nafsi nyingi. Mwaka 1994 ukaubadili jina. Mwaka 2013 ukaongeza kwamba katika jamii nyingine ugonjwa huo huja kwa sura ya mtu kupagawa. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 2022, imeweka kupagawa kunakomtesa mtu katika kundi lake, na ikasisitiza kwamba kupandwa kunakokubalika ndani ya dini au mila ya mtu, kusikomletea mateso, si ugonjwa hata kidogo.

Sinema ya Kitanzania ilikuwa imeshafika hapo mapema. Mwaka 1985 Nangayoma Ng'oge, akishirikiana na Mmarekani Ron Mulvihill, alitoa Arusi ya Mariamu, filamu fupi isiyofika dakika arobaini. Msichana anaumwa ugonjwa usioeleweka hospitalini, na anawaogopa waganga wa jadi. Hofu yenyewe ina mzizi wake katika jambo lililompata utotoni. Uponyaji unapitia palepale penye hofu. Kisha, mwaka 2001, Mulvihill na Martin Mhando wakatoa Maangamizi: The Ancient One. Daktari wa akili Mmarekani mwenye asili ya Afrika, Asira, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili Tanzania na kumkuta Samehe, mwanamke ambaye hajasema neno kwa takriban miaka ishirini. Samehe anaye bibi wa kale anayemjia, Maangamizi, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan. Wakubwa wa hospitali wanaona wazimu. Asira anaanza kuona kwamba bibi huyo anamjua na yeye pia.

Ningependa kila kijana anayetaka kutengeneza sinema ya kisaikolojia aione Maangamizi kabla ya kuiona Psycho. Filamu hiyo ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni, ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana kwa kipimo cha wenzake, na bado inathubutu kufanya lile ambalo Hollywood haikulifanya: inamgeuza daktari kuwa mgonjwa wa pili. Aliye ndani ya Samehe si adui wa Samehe. Ndiye aliyemhifadhi.

Njia hiyo haikufuatwa. Sinema za Bongo zilipopamba moto miaka ya 2000, soko lilitaka hofu ya haraka. Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha mwaka 2005 Shumileta, kiumbe wa kuzimu anayeishi katikati ya watu kwa sura ya mwanamke mrembo. Zilikuwa filamu za ujasiri, zilizopigwa kwa kamera ya kawaida katika nyumba za kupanga, na ziliuza. Lakini nafsi ya pili humo ilikuwa imeshakuwa ya kutolewa kwa maombi na moto. Hata mwana wa Shinyanga aliyepanda kuliko wote, Steven Kanumba, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1984 na kufariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, alipoigiza Devil Kingdom pamoja na Mnijeria Ramsey Nouah alikuwa ndani ya dunia hiyo ya utajiri na nguvu za giza. Alikuwa na uso unaoweza kubeba watu wawili kwa wakati mmoja bila kusema kitu. Naumia kwamba hakupata mwongozaji wa kumpa kazi hiyo kwa ukamilifu wake.

Sasa turudi nyumbani kwa Kanumba, maana ndipo hadithi hizi zinapobadilika uzito. Kati ya mwaka 1970 na 1984, kwa takwimu alizozikusanya mwanaanthropolojia Simeon Mesaki, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na Usukuma ulikuwa na sehemu kubwa kuliko eneo lingine lolote. Kwa miaka mingi alama ya kumtambua mchawi ilikuwa macho mekundu. Bibi amepika kwa kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi maisha yake yote, moshi umemla macho, na watu wanayasoma macho hayo kama mlango wa yule mwingine anayetoka usiku. Mchana bibi yetu, usiku si yeye. Ni sinema ya nafsi mbili iliyochezwa bila kamera, na mtaa mzima ukiwa katika nafasi ya mtafsiri wa kibanda umiza: sisi tunajua, yeye anajifanya hajui.

Ukiitazama Psycho kutoka Shinyanga, filamu inageuka mbele ya macho yako. Kwa muda wa saa moja na zaidi, nani anashukiwa? Bibi kizee aliyejifungia ndani. Nani anamshuhudia kwamba ni mkali, ana hasira, hawezi kuzuiwa? Mwanawe. Nani amebaki na nyumba, ardhi na biashara? Mwanawe. Na bibi hakuua hata mtu mmoja. Yeye mwenyewe aliuawa kwa sumu na kijana huyohuyo, kwa wivu. Watafiti wa mauaji ya Usukuma walikuta mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi kulikuwa na ugomvi wa shamba, wa mifugo, wa urithi, na kwamba aliyewakodi wenye mapanga alikuwa wa ndani ya ukoo. Katika dakika ya mwisho ya filamu sauti ya Mama inajitetea kichwani mwa Norman, ikisema kwamba mkosaji ni kijana wake. Watazamaji wa Marekani huichukua sauti hiyo kama kilele cha wazimu. Kwa kweli ndiyo sauti pekee katika filamu nzima inayosema ukweli mtupu.

Sheria yetu ina njia yake kwa mtu kama Norman. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinauliza kama mshtakiwa, kwa ugonjwa wa akili, alishindwa kuelewa alichokifanya au kujua kwamba ni kosa. Akionekana hivyo hupelekwa Isanga, sehemu ya Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma iliyotengwa kwa ajili ya watuhumiwa na wahalifu wagonjwa. Sheria hiyo haimtambui pepo wala mhenga. Inamwona mtu mmoja tu, na ama alijua ama hakujua. Kwa wengi wa wale waliokodi wauaji wa vikongwe, jibu ni kwamba walijua vizuri sana.

Dhahabu iliongeza ukatili mwingine juu ya huu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata 2001, na pembeni yao maelfu ya wachimbaji wadogo wakahamia kutoka rashi hadi rashi, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Mwakitolyo. Duara moja, yaani shimo la mchimbaji, linatoa mawe yenye mali, duara la jirani, hatua chache tu, linatoa kifusi. Mtu amekopa fedha ya matimba na ya pampu, amewaahidi wake na wazazi, na hakuna hesabu inayoweza kumweleza kwa nini si yeye. Katika pengo hilo wanaingia wauza dawa za mgodi. Deborah Bryceson na wenzake wawili, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington, waliandika mwaka 2010 namna soko hilo la dawa machimboni lilivyohusiana na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoibuka hadharani kuanzia 2007. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14, hukumu ya kwanza ya aina yake. Shinyanga, kituo cha Buhangija kilijaa watoto waliokimbizwa kutoka kwa wazazi wao ili waishi. Waliohukumiwa walikuwa wenye mapanga. Mnunuzi, mwenye fedha, aliyeagiza, ni nadra sana kumwona kizimbani.

Huyo ndiye mwenye nafsi mbili wa kweli wa ukanda huu, na hakuna filamu yetu iliyomwingia ndani. White Shadow ya Noaz Deshe, iliyopigwa Tanzania na kupata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji huko Venice mwaka 2013, inakimbia pamoja na kijana mwenye ualbino, na inafanya hivyo kwa nguvu inayoumiza mwili. Ilistahili kufanya hivyo; aliyewindwa ndiye wa kwanza kusikilizwa. Lakini mtu anayetoa fedha usiku na kesho yake anakaa mstari wa mbele kanisani au msibani, akitoa rambirambi, na haoni mpasuko wowote ndani yake, hatujamwona. Yeye hana pepo. Hakuna mganga wa kumhoji jina wala daktari wa kumweleza kwa polisi. Machimboni mtu anaweza kuwa na jina moja nyumbani Kwimba au Maswa na jingine kwenye rashi, mke huku na mke kule, simu mbili, na wenzake wa duara wasijue hata moja ya maisha yake ya kwanza. Hilo peke yake si kosa, wengi wameishi hivyo kwa ufukara tu. Ila ni udongo mzuri kwa mwandishi wa sinema anayetaka kuuliza lini mtu aliyezoea kuwa wawili huanza kumtuma mmoja akafanye asiyoweza kuyafanya mwingine.

Vifaa vya kuanzia vipo. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliandika Kichwamaji mwaka 1974, riwaya ya kijana msomi anayerudi kijijini kwao akiwa amepasuka kati ya alichosoma na alichozaliwa nacho, na tangu hapo imesomwa na wanafunzi wengi kuliko ilivyowahi kufikiriwa na watu wa filamu. Kuna pia mkasa wa kweli wa Nyangalata, Kahama, mwaka 2015: machimbo yalititia tarehe 5 Oktoba, wanaume wakafukiwa, watu wakakata tamaa, na baada ya siku 41 watano wakatolewa wakiwa hai. Ardhi ambayo watu wake wamekulia wakisikia habari za misukule, waliokufa wasiokufa, ilipewa waliokufa wanaorudi na ngozi juu ya mifupa, wakitaka maji. Mtu aliyekaa gizani siku 41 akila wadudu na mizizi amekuwa nani huko, na anayerudi kitandani kwa mkewe ni yupi?

Filamu ya namna hiyo inahitaji waigizaji watano, shimo, taa za kichwani na kinasa sauti kizuri kuliko vyote, kwa sababu gizani kila kitu ni sauti. Ni fedha kidogo kuliko aliyotumia Banzi kumvisha malkia wa kuzimu. Izungumze Kisukuma pale wanapozungumza Kisukuma, na Kiswahili cha makarasha, mashine za kusaga mawe, pale wanapogawana mifuko ya mawe. Daktari akiwamo, aketi chini ya mgonjwa na kumuuliza. Na bibi mwenye macho mekundu akionekana mlangoni, kamera ikae naye mpaka tuone jiko lake, moshi wake, na mjukuu anayemtazama akihesabu ekari.